Nilivyodai matumizi ya watoto mahakamani bila wakili: daftari moja, bodaboda mbili

Fundi Cherehani (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mliotangulia, wenzangu mambo vipi. Juzi kuna dada aliuliza humu kama ukimshitaki baba mtoto unapata kweli au unajichosha tu. Watu wakamjibu kwa kejeli, wengine wakamwambia amwachie Mungu. Nikamwahidi nitaleta yangu. Leo umeme umekatika tangu asubuhi, cherehani imelala na sare za watu juu yake, basi ngoja niandike. Ni ndefu. Atakayechoka akanywe chai arudi.

Nina watoto wawili, wa kiume miaka 9 na wa kike miaka 5. Niliishi na baba yao miaka 8 huku Mbagala, Dar es Salaam, chumba na sebule. Ndoa hatukufunga. Posa ililetwa, mahari ikatolewa nusu, nusu nyingine mpaka leo iko njiani. Alipohamia kwa mwenzangu, mwanzoni alituma Sh 80,000 kwa mwezi bila kusukumwa. Ikashuka 50,000. Ikawa 20,000 na maneno mengi. Ikawa "Ijumaa nakutumia", halafu namba yangu ikafungiwa kabisa.

Nilikosea pa kuanzia. Nilikwenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mdogo mgongoni na machozi yananitoka. Afande wa kike alinisikiliza vizuri tu. Kakupiga? Hapana. Kawapiga watoto? Hapana. Kawafukuza kwenye nyumba? Hapana, kaondoka yeye. Akaniambia, "Basi dada, hii ya matumizi anzia ustawi, na usiende na machozi, nenda na vyeti."

Nikachukua barua serikali ya mtaa, nikaenda kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wawili, vyote vina jina la baba. Akaandika barua ya wito. Hapo nikafanya kosa la pili: niliipeleka mwenyewe. Baba watoto ana meza ya spea za pikipiki. Aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, wakacheka, akaifutia mikono yenye grisi. Nilirudi kwa miguu kutoka pale mpaka nyumbani, sikumbuki hata nilivyovuka barabara.

Wito wa pili ukapitia kwa mwenyekiti wa mtaa anakoishi yeye. Akaja, na dada yake. Wifi ndiye aliyeongea muda wote, yeye anatazama dari. Wakakubali Sh 120,000 kwa mwezi, tukasaini, kila mtu akapewa nakala. Alilipa miezi miwili.

Niliporudi, yule mama afisa alivua miwani akaniambia, "Mwanangu, mimi sina pingu. Karatasi ya hapa inamfunga mwenye aibu. Huyu tumpeleke mahakamani." Kisha akaniuliza watoto wanatumia shilingi ngapi kwa mwezi. Nikajibu bila kufikiri: laki nne. Akaandika 400,000 kwenye karatasi chakavu, akaipiga mstari. "Hii ni hasira. Nenda kanunue daftari, uandike siku 30. Kila kitu, hata kiberiti. Ukirudi ndiyo tutaandika maombi."

Naendelea, msiweke nukta.

Kijana wa Tandika

Nipo palee kwenye kiti cha mbele. Dada tiririka.

Dume Halisi

Haya, wameanza. Laki nne ya watoto wawili wanaosoma shule ya serikali, elimu bila ada tangu 2016? Hizo hela mnasukia rasta na kumlisha mjomba mpya. Semeni ukweli.

Fundi Cherehani

Dume Halisi, kaka yangu, umewahi hata kuliko hakimu. Subiri daftari.

Ni daftari la kawaida la mistari. Nililitundika kwa kamba pembeni ya kabati la vyombo ili nisisahau. Siku ya kwanza niliandika "chakula 7,000". Yule mama akaja kunisahihisha baadaye: chakula gani? Nikajifunza kutenganisha. Sembe kilo 2. Dagaa fungu. Mafuta ya kupima. Mkaa, na hapo ni lazima ugawanye maana na mimi nakula. Ndoo za maji. Nauli ya mkubwa, Sh 200 kwenda na 200 kurudi, na siku konda akimkataa mwanafunzi anapanda bajaji na mtu mzima mmoja anayemlipia nami namrudishia. Uji wa shule. Mtihani wa Jumamosi. Mchango wa mlinzi. Tuisheni. Dawa ya minyoo. Kunyoa. Panadoli ya maji ya mdogo usiku wa manane, duka la dawa likiwa limefungwa nusu mlango. Ada ya shule kweli hakuna, Dume Halisi, lakini hebu mtoe mtoto wako bila michango uone atakaa darasa gani.

Mwisho wa mwezi nilijumlisha mara tatu kwa kikokotoo cha simu. Ikatoka Sh 263,400, bila kodi ya nyumba. Nilishtuka. Nilidhani ni zaidi, na wakati huohuo sikujua nilikuwa nazitoa wapi.

Wakili wa Kijiweni

Mleta uzi akipumzika niweke jambo la sheria kidogo, maana watu watauliza.

Nyumbani tunasema "matumizi", kwenye karatasi inaitwa matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inasema ni wajibu wa mzazi, mlezi au yeyote anayekaa na mtoto kumtunza, na inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu, mpaka haki ya kucheza. Inasema mzazi. Haikusema mzazi aliyefunga ndoa. Mtoto wa nje ya ndoa na wa ndani ya ndoa wanasimama mstari mmoja.

Vijana hamjui tulikotoka. Kabla ya sheria hiyo, mama wa mtoto wa nje ya ndoa alikuwa anatumia sheria ya zamani ambayo mwisho wa kiwango ilikuwa Sh 100 kwa mwezi. Shilingi mia moja. Sheria hiyo ilibaki vitabuni mpaka 2009, wakati mia ilikuwa hainunui hata andazi la kushiba.

Pa kwenda: kama mlifunga ndoa na mnaachana, omba malezi na matunzo humohumo kwenye shauri la talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu, kifungu cha 129 kinamtaja baba wazi, lakini kumbuka kupitia kwanza baraza la usuluhishi. Kama hamkufunga ndoa, kama mleta uzi, ni Mahakama ya Watoto. Usitafute jengo lenye bango kubwa. Dar ipo ya Kisutu, lakini sehemu nyingi ni jengo la Mahakama ya Mwanzo lililotengwa kwa kazi hiyo, na anayekaa ni hakimu mkazi. Pale Temeke kuna Kituo Jumuishi ambacho kazi yake ni masuala ya familia tu, mirathi, talaka, watoto. Ukifika dirisha la masjala sema "shauri la matunzo ya mtoto", wanakuelekeza.

Njiwa Pori

Kaka wakili, mimi cheti cha mtoto hakina jina la baba. Alikataa mimba. Sasa mtoto ana miaka 3 na sura ni yake mpaka masikio. Nitaanzia wapi?

Wakili wa Kijiweni

Njiwa Pori, masikio hayatoshi ila usikate tamaa. Unaomba kwanza mahakama itamke kuwa yeye ni mzazi. Vinavyoangaliwa ni kama jina limo kwenye rejesta ya vizazi, kama alifanya mila yoyote ya kumpokea mtoto, kama aliwahi kumkiri hadharani, na majibu ya vinasaba, yaani DNA. Na hili wengi hawalijui: akiamriwa kupima akakataa, kukataa kwenyewe ni ushahidi dhidi yake.

Kupima vinasaba huendi mwenyewe kwa Mkemia Mkuu ukaomba kama unapima malaria. Sheria ya vinasaba, nayo ya 2009, inataka ombi lipitie kwa mwenye mamlaka: mahakama, wakili, afisa ustawi na wengine waliotajwa. Kwa hiyo rudi palepale ustawi. Na tafuta picha za arobaini ya mtoto, ujumbe wa simu aliouliza "mtoto anaendeleaje", miamala aliyokutumia akaandika "ya maziwa". Hivyo vyote ni kumkiri.

Njiwa Pori

Arobaini alikuja mama yake na kanga mbili na sabuni. Picha ninayo. Asante kaka.

Fundi Cherehani

Sehemu ya pili. Mahakamani.

Nilidhani nitasimama kizimbani watu wamejaa kama kwenye tamthilia. Wapi. Ni chumba kidogo, meza, viti vya plastiki, feni inayolia. Shauri linasikilizwa faragha, wasiohusika hawaingii, hata wifi alitolewa nje na nilifurahi, Mungu anisamehe. Hakimu, mama mmoja mtulivu, aliongea nasi kama anaongea na wapangaji waliogombania choo. Afisa ustawi alikuwepo pia.

Kabla ya hapo lakini kulikuwa na kuzungushwa. Maombi yangu na hati ya kiapo niliandikiwa na msaidizi wa kisheria wa bure; wapo, tangu kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi, muulizeni afisa ustawi awaelekeze. Nikapewa namba ya shauri. Iandikeni hiyo namba kila mahali, mimi niliiandika mpaka nyuma ya mlango. Safari hii wito sikuupeleka mimi, ulipelekwa na mpeleka wito wa mahakama, na akaja kuapa kwamba amemkabidhi. Mara ya kwanza baba watoto hakuja. Mara ya pili hakuja, akatuma ujumbe kuwa anaumwa. Karani akanieleza kuwa akiendelea hivyo hakimu anaweza kusikiliza upande mmoja. Sijui nani alimfikishia habari, mara ya tatu alifika kabla yangu, kavaa shati la mikono mirefu.

Na kiapo kinzani, yaani majibu yake kwa maombi yangu, kakiandaa. Nakumbuka maneno: "Sina kazi maalumu, naishi kwa kusaidiwa na ndugu." Nilipokisoma nilicheka, kisha nikaogopa. Kwa sababu kweli hana hati ya mshahara. Hana ajira. Ana meza ya spea isiyo na jina lake popote, na bodaboda mbili amezikodisha kwa vijana wanaomletea hesabu, yaani hela ya pikipiki. Kadi ya pikipiki moja ina jina la kaka yake.

Hakimu akaagiza afisa ustawi afanye uchunguzi wa kijamii, kwangu na kwake, alete taarifa baada ya majuma matatu.

Alikuja kwangu siku ambayo sikumtegemea. Nilikuwa napindisha suruali ya mtu. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuniuliza sana mimi. Alimwita mdogo akamuuliza analala wapi, akaonyeshwa godoro, akaonyeshwa na mdoli. Alifunua sufuria, wali na mchicha. Aliomba daftari la shule la mkubwa, akatazama mahudhurio. Kisha akaomba daftari langu. Alikaa nalo kama robo saa. Akapiga picha kurasa zote.

Kwa baba watoto sikuwepo, nimekuja kujua kwenye taarifa. Alikwenda pale mezani kwake saa za asubuhi na akakaa tu, kama mteja, akihesabu.

Lakini kilichomwangusha ni mdomo wake mwenyewe. Nilikuwa nimehifadhi ujumbe wa simu wa miaka miwili. Nikauchapisha stationari, Sh 500 kila karatasi, karatasi 14. Humo karibu kila wiki anaandika: "Subiri vijana walete hesabu." "Kijana mmoja hajaleta hesabu, pikipiki imekamatwa." "Hesabu ya leo nimelipia mzigo." Hakimu alimsomea mmojammoja, polepole, akamuuliza: "Hawa vijana wanaokuletea hesabu ni ndugu zako wanaokusaidia?" Kimya. Feni tu.

Kijana wa Tandika

Hahaha! Feni tu!!! Dada unajua kusimulia.

Wakili wa Kijiweni

Nyongeza: ujumbe wa simu unapokelewa kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali, lakini usifute kwenye simu baada ya kuchapisha na uwe tayari kuapa kuwa simu ni yako na hukugusa kitu. Wengine wanabadilisha simu kesi ikiendelea. Usifanye hivyo.

Baba Wawili

Naomba na sisi tusikike. Mimi ndiye ninayekaa na watoto. Mama yao ameajiriwa, ana mshahara wa kila mwezi, mimi ni fundi seremala Dodoma. Aliondoka, watoto wakabaki kwangu kwa makubaliano. Nilipokwenda kuomba matunzo karani aliniuliza mara mbili kama nimekosea dirisha. Jamaa zangu kijiweni ndiyo usiseme, "Unamdai mwanamke hela?" Kaka zangu, sheria imesema mzazi. Anayekaa na mtoto ndiye mwenye haki ya kuomba, awe baba, bibi, hata afisa ustawi mwenyewe anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto.

Amri ilitoka mama achangie Sh 100,000 na watoto wabaki kwenye bima yake ya afya. Kwa mwajiriwa ni rahisi, amri inakwenda kwa mwajiri. Kinachoniuma hadi leo ni bima tu, maana nilikuwa nalipia matibabu dirishani miezi sita bila kujua kuwa majina yao bado yamo kwenye yake.

Dume Halisi

Baba Wawili, hapo sawa. Mimi tatizo langu ni moja, unalipa halafu mtoto hupewi kumwona. Mwanangu miezi minne sijamwona, mama yake anasema mpaka nimalize deni.

Wakili wa Kijiweni

Dume Halisi, kumbe ulikuwa na lako. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mama hawezi kumzuia mtoto kama dhamana ya deni, nawe huwezi kugoma kulipa kwa sababu umezuiwa. Omba amri ya kumtembelea mtoto, mahakama hiyohiyo. Mtoto chini ya miaka 7 kwa kawaida inachukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, ingawa hilo linapingika kwa ushahidi, ila kumwona ni haki ya mtoto kabla hata ya kuwa yako.

Mtu wa Ng'ambo

Huku kwetu Unguja matumizi hayo twaita nafaka. Waislamu wengi wanakwenda kwa Kadhi, na wako wanaotumia Mahakama ya Watoto, tuna Sheria ya Mtoto yetu wenyewe ya 2011, msichanganye na hiyo ya Bara. Kwa Kadhi mara nyingi mambo huisha kwa suluhu, lakini shida ni ileile ya mleta uzi, ahadi nyingi na mfuko mtupu. Dada yangu alikuwa akipewa nafaka ya mtoto kwa mafungu kama anaomba sadaka. Mpaka alipotaka iandikwe hukumu.

Msichana wa Mvita

Kenya hapa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yasema mtoto ana haki ya kutunzwa na mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Halafu tukapata Sheria ya Watoto mpya ya 2022. Mimi yangu ilisikizwa Tononoka, Mombasa. Kilichonisaidia ni kwamba wote wawili tuliapa hati ya mapato, yeye na mimi, kila mtu aandike anachopata na anachotumia. Nilikasirika kuulizwa pato langu, kumbe ndivyo ilivyo. Akikosa kulipa, unaomba aitwe ajieleze kwa nini asifungwe jela ya madeni. Wangu alilipa asubuhi ya siku hiyo, kwenye ngazi za korti, simu mkononi. Niliona ujumbe ukiingia kabla sijamwona yeye.

Fundi Cherehani

Msichana wa Mvita, hilo la kuulizwa pato lako ndilo nilikuwa nalifikia. Sehemu ya tatu.

Niliomba 260,000. Nilipata 150,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, yeye anunue sare na viatu Januari na Julai, matibabu makubwa tugawane nusu kwa nusu, na awachukue watoto Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili. Nilitoka pale nimenuna. Nilihisi nimeonewa.

Hakimu alikuwa ameeleza lakini masikio yangu yalikuwa yameziba. Nimekuja kuisoma amri nyumbani taratibu. Inaangaliwa mali na kipato cha wazazi wote wawili. Cherehani yangu inaingiza kitu na mimi nilikiri. Inaangaliwa watoto wengine anaowatunza; kwa yule mwenzangu amezaa, na yule mtoto naye hana kosa. Inaangaliwa gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, ndiyo maana daftari lilisomwa ukurasa kwa ukurasa. Ukitoa fungu langu la kuchangia kwenye 263,400 inabaki si mbali na hiyo waliyompa. Kama ningeshikilia ile laki nne ya hasira, sijui ningeitetea vipi, maana aliniuliza: "Unga wa uji unaisha baada ya siku ngapi?" na nilijibu palepale, kumi na moja, kwa sababu nilikuwa nimeandika.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Alilipa mwezi mmoja. Akanyamaza mitatu. Nikaenda tena kwa yule karani nikiwa mdogo kama sisimizi, nikijua ataniambia kesi imeisha. Akaniambia, "Kesi imeisha, sasa kaza hukumu." Sikuwahi kulisikia hilo neno. Kukaza hukumu ni maombi mengine, mafupi, kwenye namba ileile: unaandika amri ilisema nini, amelipa nini, anadaiwa nini, na unataka mahakama ifanye nini. Nikaandika deni Sh 450,000, na kwamba ana pikipiki mbili, nikataja namba za usajili. Namba nilizipataje? Mkubwa wangu anazijua kwa moyo, huwa anazihesabu zikipita.

Aliitwa ajieleze kwa nini pikipiki zisikamatwe ziuzwe. Hakusubiri siku yenyewe. Alikuja wifi nyumbani, safari hii kwa upole, na 300,000 kwenye bahasha. Nilizipokea? Hapana. Nilimwambia atume kwenye simu, jina litokee. Alikasirika, akatuma. Zilizobaki zikaja baada ya wiki mbili. Tangu hapo, mwezi wa saba huu, amechelewa mara moja tu.

Kijana wa Tandika

Kwa nini hukuchukua bahasha? Hela ni hela.

Fundi Cherehani

Kwa sababu hela ya mkononi haina mdomo. Kesho anasema alinipa 450,000, mimi nasema 300,000, hakimu atafanyaje? Anayelazimika kupokea taslimu muandikishane, tarehe na saini, hata kwenye karatasi ya mkate.

Mama Mkanya

Wanangu mimi ni bibi, nalea wajukuu wawili, mama yao amefariki, baba yupo. Nisiulize mengi, nataka kujua tu wanalipa mpaka lini, na kama vitu vikipanda bei?

Wakili wa Kijiweni

Shikamoo bibi. Amri inakwenda mpaka mtoto afikishe miaka 18, na akiwa bado masomoni unaweza kuomba iendelee. Bei zikipanda, au baba akipata kazi nzuri, au akifukuzwa kazi, yeyote kati yenu anaweza kurudi kuomba kiwango kibadilishwe. Lakini mpaka kibadilishwe, kilichoandikwa ndicho kinadaiwa; asipunguze mwenyewe. Nawe bibi unakaa na watoto, una haki ya kuomba kama ambavyo mama yao angeomba.

Na kwa wanaopenda kutishia jela: ndiyo, Sheria ya Mtoto inaweka faini mpaka Sh milioni 5 au kifungo mpaka miezi 6, au vyote, kwa anayekiuka haki hizo za mtoto. Mimi huwa nawaambia wateja waanze na kukaza hukumu. Akiwa ndani, hizo bodaboda anazisimamia nani?

Mama Mkanya

Marahaba mwanangu. Ahsante. Nitamwambia kijana wangu aniandikie.

Dume Halisi

Dada fundi, samahani kwa yale ya rasta. Swali la kweli: watoto wanamwona baba yao au mmebaki maadui?

Fundi Cherehani

Nimekusamehe kaka, ingawa ni kweli nilisuka mwezi wa Desemba, kwa hela yangu.

Wanamwona. Jumamosi anakuja saa nne, hapigi hodi, anapiga honi mbili. Mdogo anarudi jioni ananuka petroli na ana soda kwenye mfuko. Mimi na yeye hatuna maneno zaidi ya "salama" na "wamekula". Juzi mkubwa alimwonyesha lile daftari, bado nalijaza, limekuwa mazoea. Alilifungua amesimama mlangoni, helmeti kichwani, akasoma kurasa mbilitatu. Akauliza, "Hivi mkaa umefika bei hii?" Nikamwambia ndiyo. Akarudisha.

Umeme umerudi, jamani. Nina kola nne za kushona. Wenye maswali waulize, wakili yupo.

Njiwa Pori

Dada, barua ya mtaa nimepata leo. Jumatatu naenda ustawi na picha ya arobaini. Daftari nimeshanunua, ila mtoto kaniwahi, kachora gari ukurasa wa kwanza wote. Naanzia wa pili?

Fundi Cherehani

Anzia wa pili. Andika na bei ya kalamu aliyochorea.